Jina Ukingoni mwa Jora

Fundi akishatandaza kitambaa mezani, kitu cha kwanza kukipitishia mkasi ni ule ukingo mwembamba ulioandikwa jina la kiwanda. Unaanguka sakafuni pamoja na nyuzi, na kazi inaanza. Lakini swali la nani mwenye haki ya kuuza mkoba ulioshonwa kwa kitambaa cha mbunifu limekuwa likiurudia ukingo huo kwa zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1787 wachapaji vitambaa wa London, wakiwalalamikia wenzao wa Lancashire kwa kuiga maua yao, walipata sheria kutoka Bunge la Uingereza. Ilimpa mwenye nakshi ulinzi wa miezi 2 tu, kwa sharti kwamba jina lake lichapwe kwenye ncha zote mbili za jora. Mwaka 1794 miezi ikawa 3, na mwaka 1839 ukaanzishwa utaratibu wa kusajili nakshi. Aliyelengwa ni mwigaji. Mshonaji aliyelipia kitambaa chake hakuguswa.

Desturi ya jina ukingoni ilisafiri na biashara. Kiwanda cha Vlisco, kilichoanzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, huchapa jina lake pembeni mwa vitenge vyake hadi leo. Mombasa nako kanga ziliandikwa “Mali ya Abdulla”, ingawa kila aliyenunua moja alijua kwamba tangu alipolipa ilikuwa mali yake.

Ujuzi huo wa sokoni ulithibitishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1908, katika kesi iliyohusu kitabu. Kampuni ya Bobbs-Merrill ilichapa ndani ya riwaya yake onyo kwamba isiuzwe rejareja chini ya dola 1. Duka la Macy’s likaiuza kwa senti 89. Mahakama ikaamua kwamba haki ya mwenye hakimiliki juu ya uuzaji wa nakala huisha anapoiuza mara ya kwanza, na onyo lililochapwa halimfuati mnunuzi. Mwaka uliofuata kanuni hiyo iliingizwa katika sheria, na ikabakizwa katika sheria ya 1976.

Alama ya biashara ilishika njia yake. Mwaka 1924 mahakama hiyohiyo iliruhusu kampuni ya Prestonettes kununua poda na manukato halisi ya kampuni ya Coty, kuyafunga upya na kutaja asili yake, mradi ieleze kwamba haina uhusiano na Coty.

Mwaka 1960 hakimiliki na alama ya biashara zilikutana kwenye nguo. Kampuni ya vitambaa ya Peter Pan ilimshitaki mwigaji wa nakshi yake, naye akajitetea kwamba tangazo la hakimiliki lilikuwa ukingoni, na ukingo hukatwa au kufichwa ndani ya mshono. Jaji Learned Hand na mwenzake mmoja, wakiwa ndio wengi katika jopo, wakaukataa utetezi huo: mkasi wa fundi haumpi mwigaji ruhusa. Mwaka huohuo taulo halisi za mbunifu Vera Neumann zilikuwa zimenunuliwa na kushonwa mikoba. Mahakama ya New York haikuona hakimiliki iliyovunjwa, kwa kuwa hakuna aliyenakili kitu. Iliona hatari katika jina: mnunuzi angedhani mkoba ni kazi ya Vera. Kwangu mimi hukumu hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu ilitenganisha ua na sahihi.

Mwaka 1997 mahakama ya Puerto Rico ilikubali kwamba matandiko yaliyoshonwa kwa kitambaa halali cha chapa ya Precious Moments hayakuwa kazi mpya inayohitaji idhini chini ya hakimiliki.

Hata hivyo baadhi ya viwanda vya Marekani bado huchapa ukingoni kwamba kitambaa ni cha matumizi ya nyumbani tu, onyo ambalo naliona pacha wa lile la kesi ya 1908. Mashitaka mazito yamehamia kwenye alama: mwaka 2021 Chanel ilishitaki watengenezaji wa vito kwa vifungo vyake, na Louis Vuitton ikashitaki warsha ya Texas iliyotumia mifuko yake mikuukuu. Ndiyo maana mshonaji mwangalifu anayeuza mtandaoni hufunga kwenye mpini wa mkoba kikaratasi kinachosema kitambaa kimechapwa na nani, mkoba umeshonwa na nani, na kwamba wawili hao hawana ushirika.