Utazalia Wapi?

Jumamosi iliyopita nilikaa saa nne nzima kwenye kiti cha plastiki pale Kenyatta Market, wasusi wawili wakinivuta kichwa, mmoja kila upande. Mimba ina miezi saba. Ukikaribia siku zako unasukwa mapema, tena nywele za kukaa, kwa sababu mtoto akishafika hakuna atakayejali kichwa chako. Achieng na Wanjiku walikuja kunipa kampani. Moshi wa nyama choma ulikuwa unatufuata mpaka ndani, wakaagiza mbavu, wakawa wananilisha vipande kama mtoto maana kichwa sikuweza kugeuza. Mwanzoni mwa mwaka Jumamosi yetu ilikuwa inaanza saa nne usiku. Siku hizi saa kumi na mbili jioni niko kitandani, miguu juu ya mito. Kuna mmoja wetu ambaye hajapiga simu tangu niache kunywa. Sitamtaja.

Yule msusi mkubwa, tunamwita Mathe, akaniuliza, "Na utazalia wapi? Huku ama nyumbani?"

Kabla sijafungua mdomo Achieng akajibu, "Huku."

Mama yangu huniuliza swali hilohilo kila Jumapili kwa simu. Nyumbani ni Bungoma, ingawa nimeishi Nairobi miaka kumi na moja na kodi ya nyumba nailipa huku. Ukiliangalia vizuri, swali lenyewe linasema kwamba Nairobi ni mahali pa kufanya kazi, na kuzaa ni shughuli ya kwingine. Wengi tunadhani hiyo ni mila. Sehemu yake ni mila, sawa. Lakini sehemu kubwa ilijengwa kwa mawe, ikaandikwa kwenye sheria.

Reli ilifika hapa 1899, na mji uliokua kando yake ulitaka mikono ya wanaume. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kuuma baada ya Vita vya Kwanza: kila mwanaume Mwafrika mtu mzima alitembea na karatasi yake ndani ya kikopo cha bati shingoni. Wanawake hawakubeba kipande. Ni nafuu, ndiyo, lakini pia ina maana kwamba kwenye hesabu ya mji hawakuwa wafanyakazi, hawakuwa wakazi, hawakuwa chochote. Nyumba nazo zilifuata hesabu hiyo. Waajiri walijenga vyumba vya kulaza wanaume, kitanda kwa kitanda, wakaviita vya makapera. Wengi wa hao makapera walikuwa na bibi na watoto watano.

Kwa mwajiri ilikuwa hesabu rahisi. Kama mke yuko ushago analima, anajilisha na kulisha watoto, mshahara wa mume unaweza kuwa wa mtu mmoja. Kijiji ndicho kilikuwa kinalipa ile nusu nyingine. Mimba, kujifungua, uji wa mzazi, yule shosho wa kumshika mtoto usiku: vyote vilitoka kijijini, bure, na Nairobi ikapata mfanyakazi aliyekomaa bila kutoa senti ya kumlea. Nikisikia mtu anasema "mwanamke wetu huzalia nyumbani" kama vile ni jambo la tangu enzi za mababu, hiyo hesabu hunirudia.

Serikali ya kikoloni yenyewe ilikuja kukiri. Mwaka 1954 kamati ya mishahara iliyoongozwa na Carpenter ilisema kwamba mshahara wa kapera haufai, mtu alipwe cha kutosha kuishi mjini na familia yake. Mwaka huohuo, tarehe 24 Aprili, wanajeshi wakauzingira mji katika Operesheni Anvil. Wanaume Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatiwa kizuizini kwa maelfu, na wanawake na watoto wakapakiwa kurudishwa rizavu. Kwenye karatasi familia zinakaribishwa, barabarani zinapandishwa malori.

Lakini wanawake walikuwepo muda wote huo. Walikuwepo Pangani, kijiji kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na walikuwepo Pumwani tangu ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wanahistoria Janet Bujra na Luise White walikwenda kuwatafuta wazee hao miaka ya 1970, na waliyoyasikia si ya kupamba. Wengi walitoroka mume au baba, wakauza pombe, wakauza mapenzi, wakakodisha vyumba, wakajenga nyumba zao wenyewe. Wengi walisilimu wakapata majina mapya na jamaa wapya. Na walipozeeka, baadhi yao hawakumwachia nyumba ndugu wa ukoo. Walimchagua mtu, mara nyingi mwanamke mwenzao, wakamfanya mrithi. Yaani urafiki ulikuwa na hati ya nyumba.

Fikiria nyumba ya Majengo: ukumbi mmoja katikati, vyumba huku na huku, nyuma ua wa kupikia na kufulia wa watu wote. Kwenye nyumba kama hiyo huwezi kuficha mimba hata wiki mbili. Mjini, wakati huo, manispaa ilikuwa imefungua kilabu chake cha pombe palepale Pumwani na kujipa haki ya kuuza peke yake, faida ikilipia huduma za Waafrika. Mama aliyepika yake uani alikamatwa. Basi wikendi ya Pumwani ilikuwa na pande mbili: kilabu cha serikali na ngoma kwenye ukumbi, halafu huku nyuma, uani, wanawake na shughuli zao, jicho moja mlangoni.

Mwaka 1926 hospitali ya kina mama ilianzishwa Pumwani kwa juhudi za Lady Grigg, mke wa gavana. Leo ni kati ya hospitali kubwa zaidi za uzazi katika kanda hii. Huwa inanichekesha kidogo. Mume anatawala koloni ambalo msimamo wake ni kwamba Mwafrika mjini ni mgeni wa kupita, na mke anachangisha pesa za wodi ya uzazi. Hakuna anayejenga leba kwenye mji wa makapera. Watoto walikuwa tayari wanazaliwa, na walikuwa wengi kiasi cha kuonekana mpaka ikulu.

Uhuru ulipofika, ile fikra haikufunga virago. Sheria ya Ajira ya 1976 ilimpa mfanyakazi aliyejifungua miezi miwili yenye malipo, lakini akaipoteza likizo yake ya mwaka huo. Aliyeandika kile kifungu aliona kuzaa kama kwenda Malindi. Ilibidi tungoje mpaka 2007 ndipo ikawa miezi mitatu na likizo ikabaki, na baba akapata wiki mbili. Juni 2013 ada ya kujifungua ikaondolewa kwenye hospitali za serikali.

Sasa turudi kwa hizi sherehe zetu. Mjomba wangu anasema bebi shawa ni mambo ya wazungu na filamu zao. Kwa jina na keki, amesema kweli. Na shosho yangu hawezi kununua hata soksi kabla mtoto hajalia, kwake huko ni kumwita nuksi. Wanjiku anasema kwao wanawake walingoja mtoto azaliwe ndipo waje na kuni na chakula. Lakini ukiiangalia orodha ambayo Achieng ameweka kwenye grupu letu, keki iko namba tisa. Namba moja ni nani atalala kwangu wiki ambazo baba mtoto yuko zamu ya usiku. Namba mbili ni mwenye gari. Namba tatu ni mchango wa kila Ijumaa, elfu moja kwa M-Pesa, na anayechelewa anasutwa mbele za watu. Hayo si ya filamu. Hiyo ni kazi ambayo mji uliisukuma kijijini miaka mingi, na wasichana wanne wa Umoja wameikalia kikao Jumamosi juu ya sahani ya mbavu.

Jumapili Mama alipiga. "Umeamua?"

"Nitazalia huku, Mama."

Akanyamaza. Nikasikia kuku wake nyuma. Nilijua amejiandaa, chumba amekisafisha tangu mwezi wa tatu.

"Na nani atakuwa na wewe?"

"Achieng."

"Huyo Mjaluo anayecheka sana?"

"Huyohuyo."

"Nipe namba yake."

Jumatano Achieng alinitumia picha akiwa stejini ya mabasi. Gunia dogo la unga wa wimbi, limeshonwa kwa kamba ya katani, na jina limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Jina lake, si langu.