Mkimbizi wa Bukumbi

Msafiri atokaye mjini Mwanza kuelekea Kigongo hupita karibu na Bukumbi, penye misheni ya zamani kando ya mkono wa ziwa. Wengi hupita wasijue ya kuwa hapo palitendeka jambo ambalo yatupasa kulikumbuka kila tubanwapo na dhiki. Nilipowasimulia wanafunzi wangu habari hii, mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini hawakumfungia mlango?" Kwa ajili ya swali lake naandika haya.

Na tuanze mwanzo. Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879. Mwezi wa Novemba 1882, walipoona hatari imezidi, walivuka ziwa wakaja upande huu wa kusini, na mwaka uliofuata wakafanya makao Bukumbi. Wanafunzi wao walibaki Buganda pasipo padre. Je, walitawanyika? La. Aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi katika nyumba ya mfalme. Mapadre waliporudi mwaka 1885 walikuta waamini wameongezeka. Basi tuone tangu hapa ya kuwa kutulia mbele ya Mungu si kukaa bure. Ni kuendelea na kazi uliyoachiwa, hata kama aliyekuachia hayupo.

Wakati huo Mwanga alikuwa ameshika kiti cha baba yake Mutesa, tangu mwaka 1884. Alikuwa kijana, naye aliwaogopa wageni, akaogopa zaidi watu wake waliomtii Bwana mwingine. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu wanafunzi wa misheni ya Kiingereza waliuawa. Mwezi wa Oktoba Askofu Hannington aliuawa katika nchi ya Busoga. Balikuddembe alimwonya mfalme juu ya tendo hilo, na kwa sababu hiyo aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Kabla ya kufa alimtuma mwuaji wake ampelekee Mwanga habari ya kwamba amemsamehe, ila atubu. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni, wengi walichomwa moto Namugongo. Katika mashahidi wa miaka ile Wakatoliki hukumbuka 22 wa kwao, na Waanglikana 23.

Lakini siku ya mwenye nguvu nayo ina machweo. Mwezi wa Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa, akakimbia kwa mtumbwi hata Magu katika Usukuma. Huko wafanyabiashara wa Kiarabu walimpokea, lakini walimshika kama mfungwa. Mwezi wa Oktoba wamisionari nao wakafukuzwa Buganda, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, katika mashua moja. Njiani kiboko akaipiga mashua ikazama, na baadhi ya vijana waliokuwa pamoja nao wakafa maji. Waliosalia walifika Bukumbi wamechoka, hawana kitu.

Haukupita muda mrefu, Mwanga akawaponyoka wenyeji wake wa Magu, akaja kuomba hifadhi. Alikuja wapi? Alikuja Bukumbi, kwa watu wale wale ambao wanafunzi wao aliwachoma.

Sasa, ndugu msomaji, fikiri kama ni wewe uliyesimama mlangoni. Walikuwa na sababu nyingi za kukataa. Chakula kilipaswa kuwatosha wakimbizi. Kumpokea kungewaudhi watu wa Magu. Tena damu ya ndugu zao ilikuwa haijapata hata miaka mitatu. Lakini walimpokea, akakaa kwao.

Hilo ndilo jibu langu kwa mwanafunzi. Hawakufunga mlango kwa kuwa neno la msamaha lilikuwa limekwisha kutolewa na Balikuddembe. Shahidi alilitamka siku ya kufa kwake. Wale wa Bukumbi walilitimiza kwa nyumba na chakula. Amri ya Bwana Yesu juu ya adui waliijua tangu zamani. Dhiki haikuwaletea amri mpya. Iliwauliza tu kama wataishika ile ya zamani.

Upande huu huu wa kusini, mahali paitwapo Usambiro, alikaa Alexander Mackay wa misheni ya Kiingereza, aliyetolewa Buganda mwaka 1887. Rafiki zake wengi walikuwa wamekufa. Mwaka 1889 Stanley alipita na msafara wake, akamwalika waondoke pamoja kwenda pwani. Mackay alibaki na kazi yake ya kufasiri na kupiga chapa maneno ya Injili kwa Kiganda. Tarehe 8 Februari 1890 akafa kwa homa, akazikwa huko, na mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe.

Mwanga je? Mwaka 1889 aliondoka Bukumbi kwa mashua ya mfanyabiashara Stokes, akarudishwa katika kiti chake kwa nguvu za Wakristo wale aliowatesa. Lakini nisifiche neno moja la huzuni. Walipokwisha kushinda, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana wao kwa wao huko Mengo, Januari 1892. Waliovuka katika mashua moja siku ya dhiki walishindwa kukaa katika mji mmoja siku ya raha. Naye Mwanga aliondolewa tena, akapelekwa uhamishoni katika visiwa vya Seychelles, akabatizwa huko kwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903.

Basi tusidhani kwamba utii wa jana watosha kwa leo. Sisi tulio kando ya ziwa twajua dhiki zetu: mwaka wa njaa, nyavu zilizoibwa, kesi ya mpaka wa shamba, ndugu aliyetudhulumu. Tukibanwa, moyo huuliza, "Nitaokokaje?" Swali hilo tumwachie Mungu. Letu ni hili: "Nimeagizwa nini leo?" Na huenda jioni hii hii akabisha hodi yule ambaye hatukutaka kumwona tena.