Mwanafunzi, Mfuasi au Mwanagenzi?

Siku ya Kipaimara katika usharika wa Kilutheri ni sikukuu ya ukoo mzima. Mbuzi huchinjwa, picha hupigwa, shangazi hufika kutoka mbali. Kijana amehudhuria mafundisho kwa miaka miwili hivi, amekariri Amri Kumi, ameulizwa maswali na akajibu. Jioni wageni husema, "Amemaliza." Wachungaji wengi wanajua kinachofuata: hawamwoni tena mpaka siku ya ndoa.

Kitenzi hicho, kumaliza, hakikutoka hewani. Biblia za Kiswahili zinawaita waliomfuata Yesu "wanafunzi", na anayelisikia neno hilo leo huona sare, daftari, kengele na mtihani. Mwanafunzi ana mwalimu anayelipwa mshahara. Hufunga shule Desemba, na siku moja huhitimu. Tena, hakuna anayemtarajia yeye amfundishe mtu.

Kigiriki kinasema mathetes, neno lililotokana na kitenzi cha kujifunza, kwa hiyo tafsiri haina kosa. Tofauti iko katika namna ya kujifunza. Mtu wa zama zile aliyejiunga na rabi hakwenda darasani akarudi kwao saa tisa. Alikula naye, alisafiri naye, alimtazama anavyosali na anavyowajibu wabishi, mpaka mwenendo wa mwalimu ukawa wake. Neno hili limo zaidi ya mara 250 katika Agano Jipya, lote katika Injili na Matendo ya Mitume, ilhali "Mkristo" limo mara 3 tu. Wala halikuwa la wale Kumi na Wawili peke yao. Matendo 9:36 humtaja Tabitha wa Yafa kwa umbo la kike la neno hilo, umbo lisilopatikana penginepo katika Agano Jipya. Mama huyo hakuwa na cheo chochote kinachotajwa. Alijulikana kwa kuwasaidia maskini na kuwashonea wajane nguo. Kwa kuwa Kiswahili hakitenganishi mwanafunzi wa kike na wa kiume, msomaji wetu hupita hapo bila kustuka.

Mathayo 28:19 ndipo penye kazi zaidi. Kigiriki kina kitenzi kimoja, matheteuo, kinachotokea mara 4 tu katika Agano Jipya. Kiswahili hakina kitenzi kama hicho, ndiyo maana tukapata "kuwafanya kuwa wanafunzi", msemo unaonuka kiwanda kidogo. Katika aya hiyo ya Kigiriki, kitenzi hicho peke yake ndicho kilicho katika umbo la amri. Kwenda na kubatiza, pamoja na kufundisha katika aya inayofuata, vinaning'inia kwake. Watafsiri wetu walikinyanyua kwenda kikawa nacho amri. Hawakukosea, kwa maana kinabeba uzito wa amri hata katika Kigiriki. Ila sikio la Kiswahili likashika safari: mmisionari, meli, nchi ya mbali. Mama anayeuza mchicha sokoni, ambaye haendi popote, akaona agizo limempita.

Vyeo navyo vilichangia. Kazi ikishapewa mwinjilisti au katekista, muumini wa kawaida huhesabu kwamba mwenyewe yupo. Kwa upande wa Wakatoliki, Papa Fransisko aliandika mwaka 2013, katika waraka wa Furaha ya Injili, kwamba kila aliyebatizwa ni mfuasi na mmisionari kwa pamoja. Mfuasi ni neno zuri, linatoka katika kufuata. Bahati mbaya vyama vya siasa vimelizoea mno: mfuasi anaweza kupeperusha bendera akiwa mbali na asimjue kiongozi wake hata kwa salamu.

Linabaki neno ambalo makanisa hayalitumii sana: mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi akiwa kazini. Kwenye maeneo ya ujenzi Tanzania anaitwa saidia fundi. Huchanganya zege, hushika pima maji, hukosea, hukemewa, hurudia. Baada ya muda hupanga tofali mwenyewe, na kabla hajajua kila kitu ameshapata kijana wa kumsaidia. Tusisahau kwamba fundi, kufundisha na mwanafunzi ni maneno ya mzizi mmoja. Shule ndiyo iliyoyatenganisha.

Afrika Mashariki imeuona uanagenzi huo. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda asiye kasisi, alikutana na daktari Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Uamsho uliochipuka hapo na kuenea baadaye hadi Kenya na Tanzania ulibebwa kwa sehemu kubwa na walei: wakulima, wauguzi, walimu, akina mama. Aliyeokoka hakupewa cheti. Aliingizwa katika kikundi cha ndugu waliokutana mara kwa mara, wakiungamiana dhambi kwa majina yake, jambo waliloliita kutembea nuruni. Jina walokole, lililotoka katika Kiganda, limebaki kwetu, japo siku hizi hutumika hata kwa utani.

Kwa hiyo "wanafunzi" libaki ndani ya Biblia. Limezoeleka na lina haki yake. Lakini katika vitabu vya mafunzo ya washarika na walei, wahariri waandike uanagenzi. Si neno la kubuni: limo katika kamusi, na mafunzo ya ufundi stadi yanalitumia tayari.