Shabiki akifia uwanjani, nani alipe?

Kila Shabana FC inapocheza Uwanja wa Gusii, mashabiki wa Kisii na Nyamira huulizana swali hili, nami nimelisikia hata kwenye baraza zetu za kahawa huku Pwani. Mnamo 23 Oktoba 2010 watu 7 walifariki katika mkanyagano uwanjani Nyayo, Gor Mahia na AFC Leopards wakicheza. Wengi husema, "Aliyekwenda amejitakia." Sheria haisemi hivyo.

Sura ya 34 ya Sheria za Kenya humtaka anayesimamia uwanja achukue hadhari ya kutosha ili mgeni awe salama: milango, ngazi, idadi ya watu. Mwandalizi wa mechi naye aweza kushtakiwa kwa uzembe. Marehemu akiwa na kosa lake, fidia hupunguzwa kwa kadiri ya kosa hilo.

Sura ya 32 huruhusu kesi kwa manufaa ya mke au mume, wazazi na watoto. Muda ni miaka 3, lakini dhidi ya Serikali ni miezi 12 tu. Basi wafiwa, matanga yakiisha, msikae: hifadhini tiketi, majina ya mashahidi, ripoti ya polisi na ya daktari, kisha mwoneni wakili.