Daftari la dpkg: Miaka 30 ya kompyuta inayokumbuka ilipoishia

Umeme unakatika mfumo ukiwa katikati ya kusasishwa. Ukirudi, kompyuta ya mezani yenye Ubuntu inawaka vizuri, lakini haikubali tena programu mpya: kila ikijaribiwa inatoa maelezo marefu kuhusu vifurushi ambavyo havijasanidiwa na utegemezi usiotimia. Ushauri uliozoeleka hapo, Dar es Salaam kama Nairobi, ni mmoja: futa kila kitu, sakinisha upya. Makala haya yanaupinga ushauri huo, na hoja yake inatoka katika historia. Zana zinazosimamia vifurushi katika Debian, Ubuntu na jamaa zake zilibuniwa na watu waliojua kwamba kazi itakatikia njiani, wakaziwekea kumbukumbu ya kila hatua. Kinachodhaniwa kuwa ni kuharibika kwa mfumo, mara nyingi ni taarifa ya kweli kwamba kazi haijaisha. Anayeisoma taarifa hiyo kwa kawaida huimaliza kazi bila kupoteza chochote.

Ili kuona uzito wa kumbukumbu hiyo, turudi kwanza katika siku ambazo haikuwepo. Linus Torvalds alipotangaza kiini cha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, alichokitoa kilikuwa kiini tu. Aliyetaka kompyuta kamili alilazimika kukusanya zana nyingine kutoka seva mbalimbali na kuziunganisha mwenyewe. Mwaka 1992 Peter MacDonald alitoa SLS, mkusanyo uliorahisisha kazi hiyo, na mwaka 1993 Patrick Volkerding akatoa Slackware iliyotokana nao. Programu zilikuja zikiwa zimefungwa pamoja katika faili moja, nawe ukalifungua juu ya diski. Slackware iliandika orodha ya faili ilizoweka, lakini haikuuliza kama programu hii inahitaji ile. Hadi leo zana zake rasmi hazikokotoi utegemezi. Kwa upande wa Windows, katika miaka hiyo ya tisini, programu mpya iliweza kuandika toleo lake la maktaba juu ya toleo lililotumiwa na programu nyingine, na ile ya zamani ikaacha kufanya kazi bila mtu kujua sababu. Microsoft ilianza kuzilinda faili za mfumo dhidi ya kubadilishwa kwa namna hiyo katika Windows 2000. Tatizo lilikuwa moja pande zote mbili: hapakuwa na mahali pamoja palipoandikwa nani ameweka nini, na nani anamtegemea nani.

Agosti 1993 Ian Murdock, kijana wa miaka 20 aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Purdue huko Indiana, Marekani, alitangaza mradi wa Debian. Katika ilani yake alilalamika kwamba mikusanyo iliyokuwepo, SLS hasa, ilijaa hitilafu na haikutunzwa. Alitaka kila programu iwe na mtunzaji wake, na vipande vyote vikae pamoja bila kugombana. Kutokana na lengo hilo ilizaliwa dpkg mwaka 1994. Murdock aliiandika kwanza kama skripti fupi, ikaandikwa upya kwa lugha ya Perl, kisha Ian Jackson akaiandika sehemu yake kuu kwa lugha ya C mwaka huohuo. Kifurushi cha Debian kilibeba programu pamoja na maelezo yake: jina, toleo, mtunzaji, vifurushi vinavyohitajika, vifurushi visivyoweza kukaa nacho, na skripti za kuendeshwa kabla na baada ya kusakinisha au kuondoa. Maelezo haya, isipokuwa skripti zenyewe, huandikwa katika faili moja la maandishi ya kawaida, /var/lib/dpkg/status. Hilo ndilo daftari la mfumo.

Uamuzi uliobeba mengine yote ulikuwa kuigawa kazi katika hatua mbili. Kwanza kifurushi hufunguliwa, yaani faili zake huwekwa mahali pake. Kisha husanidiwa, yaani skripti yake ya mwisho huendeshwa ili programu iwe tayari kutumika. Daftari huandika kila kifurushi kilipofikia. Amri ya dpkg -l huonyesha hali hiyo kwa herufi mbili: ii ni kifurushi kilichokamilika, iU kimefunguliwa lakini hakijasanidiwa, iF usanidi wake umekwama katikati. Hata katika hatua ya kufungua kuna uangalifu: faili jipya huandikwa kwanza kando, jina lake likiishia na .dpkg-new, ndipo libadilishwe jina na kuchukua nafasi ya la zamani. Toleo la daftari lililotangulia huhifadhiwa katika status-old, na nakala za siku zilizopita hukaa katika /var/backups. Mtu anayedhani kwamba kuvunjika hakutatokea hawezi kuunda kitu cha namna hii. Muundo wenyewe unashuhudia kwamba wabunifu walikubali kuwa umeme utakatika, diski itajaa, na mtumiaji atazima kompyuta kabla ya wakati.

Kwa hiyo tiba inafuata mantiki ya ugonjwa. Amri ya dpkg --audit hulisoma daftari na kutaja vifurushi vilivyoachwa njiani. Amri ya dpkg --configure -a huvisanidi vyote vilivyofunguliwa tayari, na baada ya umeme kukatika, mara nyingi hiyo peke yake hutosha. Utegemezi ukiwa bado haujatimia, apt --fix-broken install hutafuta kinachokosekana, au hupendekeza kiondolewe kinachozuia. Skripti ya kifurushi kimoja ikigoma, kosa lake halisi huwa limeandikwa mistari michache juu ya muhtasari wa mwisho ambao watu wengi huusoma peke yake: diski iliyojaa, huduma iliyokataa kuwaka, faili la usanidi lenye herufi isiyostahili. Faili la /var/log/dpkg.log nalo huonyesha saa na mpangilio wa matukio. Mpangilio huo una maana, kwa sababu kosa la kwanza ndilo huzaa mengine kumi yanayolifuata.

Hata hivyo, kujua kinachokosekana ni jambo moja na kukipata ni jingine. Katika miaka ya tisini dpkg iliweza kukataa kukamilisha kifurushi, lakini haikuweza kwenda kukutafutia mahitaji yake. Hali ilikuwa hiyohiyo kwa RPM, zana ya Red Hat iliyotoka mwaka 1995 kwa kazi ya Marc Ewing na Erik Troan. Ulipakua faili moja, likadai jingine, nalo likadai la tatu, na la tatu pengine likagombana na ulichokuwa nacho. Wahandisi wakaiita hali hiyo jehanamu ya utegemezi. Mtihani mkubwa wa Debian ulikuja na toleo la 2.0 la Julai 1998, lililohamia maktaba mpya ya msingi ya lugha ya C. Karibu kila programu ilitegemea maktaba hiyo, hivyo aliyesasisha vifurushi kwa mpangilio usiofaa aliweza kuivunja hata programu ya kupokelea amri zake. Ilibidi iandikwe skripti maalumu ya kumwongoza mtumiaji hatua kwa hatua. Debian 1.1 ya mwaka 1996 ilikuwa na vifurushi 474. Miaka miwili baadaye vilizidi 1,500, na mkono wa binadamu haukutosha tena kuvipanga.

Jibu lilikuwa APT, kazi iliyomtegemea sana Jason Gunthorpe, ikatolewa rasmi na Debian 2.1 mwezi Machi 1999. APT haikuchukua nafasi ya dpkg. Ilikaa juu yake. Ilisoma orodha za maghala ya vifurushi, ikakokotoa kinachohitajika, ikapakua, ikaamua mpangilio, kisha ikaiachia dpkg kazi ya mikono. Upande wa RPM, Yum ilifanya kazi kama hiyo miaka michache baadaye, mtunzaji wake mkuu akiwa Seth Vidal wa Chuo Kikuu cha Duke. Kwa mtumiaji wa kawaida mambo yalirahisika sana. Lakini hesabu iliyofichwa nyuma ya pazia ni ngumu kwa asili. Mwaka 2006 watafiti wa mradi wa Ulaya ulioitwa EDOS, akiwemo Roberto Di Cosmo wa Paris, walionyesha kwamba swali la kama kifurushi fulani kinaweza kusakinishwa liko katika kundi la maswali ambayo hisabati huyaita NP-kamili: hakuna njia inayojulikana ya kuyajibu haraka katika kila hali. Ghala lililotunzwa vizuri halifikii ugumu huo mara nyingi. Mtumiaji ndiye hulifikisha huko anapochanganya maghala ya matoleo tofauti, anapoongeza ghala la nje kwa ajili ya programu moja na kulisahau, au anapokizuia kifurushi kisisasishwe huku vingine vikisonga mbele. APT ikisema imeshindwa, maana yake masharti iliyopewa hayapatani, na aliyeyaweka ndiye anayeweza kuondoa moja. Amri ya apt policy humwonyesha kila toleo limetoka ghala gani.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja ya kutosakinisha upya ni la muda. Fundi mwenye kompyuta 20 za maabara ya shule atasema kuwa kusakinisha upya humchukua saa moja inayotabirika, ilhali kuchunguza kosa kunaweza kula siku nzima. Kuna ukweli hapo, na kwa kompyuta zinazofanana zisizo na kazi ya mtu ndani yake, kusakinisha upya ni uamuzi wa busara. Lakini kompyuta ya mezani ya mwandishi, mhasibu au mwanafunzi haiko hivyo. Ina mipangilio ya miaka, na ina faili ambazo hazina nakala. Anayeishi kwa bando la intaneti pia analipia kila megabaiti ya sasisho zinazopakuliwa upya. Zaidi ya hayo, kusakinisha upya hakuondoi chanzo. Kama kosa lilitokana na ghala la nje lisilopatana na toleo la mfumo wake, mtumiaji ataliongeza tena wiki ijayo, kwa sababu hakujua kwamba ndilo lililomponza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, zana hizi zinastahili kuaminiwa? Katika video iliyotoka Novemba 2021, mtengeneza video maarufu wa Kanada, Linus Sebastian, alijaribu kusakinisha Steam, programu ya michezo, katika Pop!_OS, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu. Kifurushi kilikuwa na kasoro ya utegemezi, na suluhisho pekee ambalo APT iliona lilikuwa kuondoa mazingira yote ya dawati. Ilitoa onyo, ikamtaka aandike sentensi nzima ya kuthibitisha. Akaandika, na skrini yenye madirisha ikatoweka. Wengine walimlaumu kwa kutosoma, wengine wakailaumu zana. Mimi naona pande zote mbili zina haki. Onyo lilikuwepo na lilikuwa sahihi, lakini lilizikwa ndani ya orodha ndefu ya majina ya vifurushi, na haifai mtu anayetaka mchezo tu awe sentensi moja mbali na kubomoa mfumo wake. Watunzaji wa APT waliliona hilo pia, wakaondoa uwezekano wa kupita kwa sentensi hiyo. Tukio hilo halivunji hoja yangu. Linaonyesha kwamba orodha ya vitakavyoondolewa ndiyo sehemu ya kusomwa kabla ya kukubali lolote, na kwamba watunzaji wakielezwa kosa lilivyotokea, hulirekebisha kwa faida ya wote.

Pingamizi la tatu linasema ujuzi huu unapitwa na wakati. Flatpak na Snap hufunga programu pamoja na sehemu kubwa ya maktaba zake, hivyo ugomvi wa matoleo hupungua. Nix, iliyoanzishwa na Eelco Dolstra katika Chuo Kikuu cha Utrecht mwaka 2003, huweka kila toleo mahali pake pekee na kumruhusu mtumiaji kurudi kwenye hali ya jana. Hizi ni hatua za maana, na wazo la Nix ni zuri kuliko mengi yaliyoitangulia. Lakini zina gharama zake. Programu zilizofungwa na maktaba zake huchukua nafasi zaidi ya diski na bando zaidi wakati wa kupakua, na maktaba ikigundulika kuwa na tundu la usalama, kila anayeibeba lazima aitengeneze kivyake, wakati Debian hutengeneza kifurushi kimoja na programu zinazokitegemea zikanufaika. Na chini ya Snap za Ubuntu bado kuna APT na dpkg. Debian 12 ya mwaka 2023 ilitoka na vifurushi zaidi ya 64,000, vyote vikifuata utaratibu wa kufungua, kusanidi na kuandika daftarini uliowekwa mwaka 1994.

Linabaki suala la lugha, na hapa lawama haiendi kwa mtumiaji. Ujumbe huja kwa Kiingereza cha kifundi, nasi tumewafundisha vijana kuuogopa badala ya kuusoma. Istilahi zake muhimu hazifiki 20: kifurushi, ghala, toleo, utegemezi, mgongano, kufungua, kusanidi na nyingine chache. Mwalimu wa kompyuta anaweza kuzieleza kwa Kiswahili katika kipindi kimoja, kisha akaivunja kompyuta ya maabara kwa makusudi, kwa kukatisha usakinishaji katikati, na kuwaacha wanafunzi waiponye kwa kusoma daftari lake. Somo hilo halihitaji leseni wala vifaa vipya, maana zana zote ni huria na msimbo chanzo wake uko wazi. Vyuo vinavyofundisha kusakinisha pekee vinatoa mafundi wanaojua kuanza kazi tu. Kumaliza kazi iliyokatikia njiani ndiko kunakohitajika zaidi mahali ambapo umeme hukatika na bando hulipiwa, na zana za kuimaliza zimo ndani ya kompyuta tangu siku mfumo uliposakinishwa.