Sanamu ya Mfalme Iliyogeuzwa Risasi

Katika lugha yetu neno risasi ni jina la madini mazito ya kijivu, na tena ni jina la kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Twapenda kuwasimulia wasomaji habari ya risasi iliyopata kuwa vyote viwili, na kabla ya hayo ilikuwa heshima ya mfalme.

Mwaka 1766 Waingereza waliiondoa kodi ya stempu katika makoloni yao ya Marekani. Baraza la New York likafurahi, likaazimia kumfanyia Mfalme George wa Tatu sanamu ya shukrani. Fundi Joseph Wilton wa London akaitengeneza kwa risasi iliyopakwa dhahabu, mfalme juu ya farasi, ikasimamishwa Bowling Green mwaka 1770. Miaka 6 haijatimia, mapenzi yakageuka. Tarehe 9 Julai 1776 Tangazo la Uhuru lilisomwa mbele ya askari wa Jenerali Washington, na jioni ile kundi la watu likaiangusha sanamu. Kesho yake Washington aliwakemea: bidii yao aliikubali, lakini walitenda kwa ghasia, na mambo ya namna hiyo yawaachiwe wenye mamlaka.

Hata hivyo risasi ilikuwa adimu vitani. Nayo huyeyuka kwa joto la digrii 327 za sentigredi, hata moto wa kuni watosha. Basi vipande vikapelekwa Litchfield, katika Connecticut, nyumbani kwa Oliver Wolcott, mmoja wa waliotia sahihi Tangazo lile. Jamaa yake walisimulia kwamba banda lilijengwa katika shamba la matofaa, naye akaikatakata sanamu kwa shoka. Kisha wanawake na watoto wakaiyeyusha na kuimimina katika kalibu.

Hesabu yao ipo hata leo. Ruth Marvin alisubu risasi 11,592. Mary Ann Wolcott, mtoto wa miaka 11, alisubu 10,790. Laura dada yake 8,378. Na Frederick, ambaye hajatimiza miaka 9, alisubu 936. Pamoja na za wengine, jumla ni 42,088.

Hapa sisi walimu twasita kidogo. Mvuke na vumbi la risasi ni sumu, nayo huwadhuru watoto kupita wakubwa. Na kila tonge alilomimina mtoto yule lilikusudiwa mwili wa mtu. Hatuwezi kumsifu tu, wala hatuwezi kumlaumu. Lakini kama hesabu ile isingaliandikwa, tungalijua majina ya majemadari peke yao, na kazi ya nyumbani ingalisahauliwa kabisa.

Basi, ndugu walimu, tuwaulize wazee wetu kazi walizozifanya zamani, wake kwa waume, tuziandike pamoja na majina yao. Shukrani iliyotiwa katika madini haikudumu miaka 6. Karatasi ya hesabu imedumu zaidi ya miaka 200.