Visima vya Mji Mkongwe na Maji ya Sayyid Barghash

Mji Mkongwe wa Unguja umesimama juu ya mwamba wa matumbawe, katika rasi ambayo hori ya Darajani iliitenga zamani na mtaa wa Ng'ambo; na juu ya mwamba huo matajiri wa karne ya 19 walijenga majumba ya mawe, ambamo aghalabu kisima cha kuchota na choo cha shimo vilikaribiana mno, kama kwamba ardhi iliyo baina yake ni ukuta. Mchotaji alitelemsha ndoo kwa kamba, akapandisha maji maangavu, yenye chumvichumvi kidogo ulimini, wala hapakuwa na rangi wala harufu ya kumpa hadhari.

Walakini matumbawe si ukuta. Mchanga huyachuja maji yapitapo taratibu, ilhali mwamba huu umejaa nyufa na mapango, hata mvua ya masika ikinyesha hushuka upesi pamoja na uchafu wa vyoo na wa makaburi yaliyokuwamo baina ya nyumba, mpaka kwenye maji matamu, ambayo karibu na pwani ni tabaka jembamba tu lielealo juu ya maji ya bahari. Ukichota kwa pupa, chumvi hupanda. Ukichimba choo, najisi hushuka.

Miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu kisiwani. Tabibu James Christie, aliyekuwapo Unguja, alikitolea kitabu mwaka 1876, akiifuata njia ya maradhi hayo kwa misafara ya bara. Matabibu wengi wa zama hizo walikuwa wakiilaumu hewa mbaya, ijapokuwa mwenzao John Snow alikwisha kuonyesha London, mwaka 1854, kwamba maradhi hayo hupita katika maji ya kunywa.

Sayyid Barghash, aliyeitawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, aliwaletea watu maji ya mbali, kutoka Chemchem upande wa Bububu, nayo ilikuwa neema kubwa isiyokanika. Lakini neema hiyo ilimhamisha mnywaji, haikuondoa uchafu. Hori ikafukiwa, Ng'ambo ikatanuka, na nyumba pamoja na makaro yake zikasonga mashamba, kuelekea kule kule yatokako maji. Na hata leo sehemu kubwa ya maji ya mji hutolewa katika visima na chemchemi za mwamba wa namna ile ile.

Mto ukichafuka, watu huona, na mafuriko huusukuma uchafu baharini. Maji ya chini hayaoni jua, hewa huyafikia kwa uchache, na palipo kizuizi cha udongo huenda polepole, hata uchafu wa baba ukamfikia mjukuu. Na gharama ya kuyasafisha hupita mbali gharama ya kuyalinda. Basi mwenye kuchimba choo ana mamlaka juu ya kisima cha jirani yake, apende asipende, na kila sheria ya maji isiyoanzia chooni imechelewa.